Wenye maduka madogo: kabla hujalaumu mtandao na hali ngumu, kagua mzigo uliododa rafuni

Wakuu, salaam.

Kila vyuma vinapokaza huja malalamiko yaleyale. Wateja wamepungua, wanaoingia wanauliza bei na kuondoka, na wale waliobaki na hela wanaagiza mtandaoni wakiwa wamejilaza sebuleni. Yote ni kweli, sibishani. Nisichokubali ni hitimisho linalofuata, kwamba duka dogo la mtaani habari yake imekwisha.

Nimekaa nyuma ya kaunta muda wa kutosha, na historia ya biashara ya rejareja nimeifuatilia kwa mapenzi. Ninachokiona ni hiki: duka dogo likifungwa wakati wa mdororo wa uchumi, mara nyingi wateja bado walikuwepo. Kilichokwisha ni hela mkononi, kwa sababu hela yote ilikuwa imekaa rafuni kwenye bidhaa zisizotoka. Siku ya kulipa pango ikafika, siku ya kununua bidhaa inayotoka ikafika, mwenye duka hana kitu. Uzi ni mrefu, lakini kwa mwenye duka naamini una faida, kwa hiyo nisomeni hadi mwisho.

Tuanze na huyu mshindani wa mtandaoni, maana watu wanamwogopa kana kwamba hajawahi kutokea wa aina yake.

Mwaka 1872, kule Chicago, Aaron Montgomery Ward alitoa karatasi moja yenye orodha ya bidhaa 163 na bei zake. Mkulima wa mbali aliagiza kwa barua, mzigo ukamfikia kwa treni, bila kupita kwa mwenye duka wa kijijini kwake. Baadaye ikaja kampuni ya Sears, Roebuck na katalogi, yaani kitabu kinene cha orodha ya bidhaa. Januari 1913 posta ya Marekani ikaanza kupeleka vifurushi vikubwa hadi majumbani, na wenye maduka wa miji midogo walikuwa wameupinga mpango huo kwa nguvu zote. Kuna miji ilifikia hatua ya kukusanya katalogi na kuzichoma moto hadharani. Yaani hofu yote tunayoisikia leo kuhusu intaneti ilishasemwa kuhusu karatasi na stempu.

Maduka yaliyokufa enzi zile yalikuwa na sifa moja. Mteja alikuwa anakwenda pale kwa sababu hakuwa na pa kwenda pengine. Bei ya juu, bidhaa chache, lugha mbaya, na bado alirudi kwa kukosa njia. Alipopata njia, akaondoka. Maduka yaliyojua mteja wao anataka nini, na yakawa nayo siku anapoitaka, yaliendelea kuwepo, wakati hao wakubwa wenyewe wakizeeka. Sears walifuta katalogi yao kuu mwaka 1993, mwaka mmoja kabla duka la mtandaoni la Amazon halijaanzishwa, na Oktoba 2018 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Montgomery Ward nayo ilishafunga maduka yake mapema kabla ya hapo.

Sasa angalieni mkubwa anavyokufa wakati wa mdororo, kwa sababu kuna somo la moja kwa moja kwetu wadogo. Woolworths ya Uingereza ilikuwa na maduka zaidi ya 800. Novemba 2008 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na kufikia tarehe 6 Januari 2009 milango ya mwisho ikafungwa. Watu walikuwa bado wanaingia madukani humo, tena msimu wa sikukuu. Lakini kampuni ilikuwa na deni kubwa, na kampuni za bima zilizokuwa zikiwakinga wasambazaji wake dhidi ya kutolipwa zilipojitoa, wasambazaji wakasema lipa kwanza ndipo uchukue mzigo. Hela ya kulipa kwanza haikuwepo. Rafu zikaanza kukosa vitu vinavyouzika, na mchezo ukaishia hapo.

Punguza ukubwa wa habari hiyo mara mia nane, utakuwa na duka la kona. Msambazaji aliyekuwa anakupa mali kauli anasikia hali ni ngumu, anakwambia mzee safari hii naomba taslimu. Je, unayo?

Hela imekwenda wapi? Nenda kaiangalie. Usiifuate benki, ifuate rafuni. Rafu ya juu kabisa, ile ambayo lazima uvute stuli. Kuna maboksi ambayo upande unaotazama dirisha umepauka kwa jua na upande wa ukutani bado una rangi yake. Hiyo tofauti ya rangi ndiyo taarifa yako ya fedha. Yale maboksi uliyalipia. Msambazaji alishachukua chake na kukisahau, wewe ndiye unayeendelea kuyalipia pango kila mwezi, maana yamekalia nafasi.

Hesabu yake iko hivi. Chukua bidhaa mbili, zote umenunua kwa 60. Ya kwanza ina faida ya 10 tu, lakini inatoka kila mwezi na unaijaza tena. Ya pili ina faida nono ya 40, ila inatoka mara moja kwa mwaka. Mwaka ukiisha, 60 ile ya kwanza imekupa 120. Ile ya pili imekupa 40. Mtaji uleule, duka lilelile. Wengi tukiulizwa ipi inalipa tunataja ya pili, kwa sababu tunaangalia faida ya kitu kimoja na kusahau mzunguko. Wakati wa neema kosa hilo halionekani. Wakati wa hali ngumu ndilo linalofunga duka.

Wajapani walilifanyia kazi jambo hili kwa makini kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mei 1974 duka la kwanza la Seven-Eleven ya Japani, kampuni ya maduka madogo ya mtaani, lilifunguliwa Toyosu, Tokyo. Lilikuwa duka dogo la vileo la familia, likageuzwa. Kikwazo chao cha mwanzo kila mwenye duka atakitambua: wauzaji wa jumla hawakutaka kuuza kidogo kidogo. Unachukua mzigo mkubwa au unaacha. Stoo inajaa vitu vitakavyokaa miezi, na vinavyotakiwa leo havipo. Wakakazana na wauzaji wa jumla hadi wakakubali kuleta mzigo mdogo mara nyingi. Kisha Toshifumi Suzuki, mmoja wa viongozi wa kampuni hiyo, na wenzake wakajenga utaratibu wa kusimamia bidhaa moja moja. Anayeagiza, hata awe kibarua, anatakiwa akisie kesho kitauzwa nini na kwa nini: hali ya hewa ikoje, kuna shughuli gani jirani, ni mwisho wa mwezi au katikati. Baadaye anaangalia kama alikisia sawa. Kilichokaa bila kutoka kinapisha kingine. Kumbukeni hayo yalianzia kwenye duka dogo, na mengine yote yakajengwa juu yake.

Huhitaji mashine wala programu kuanza. Mzigo ukiingia, andika tarehe kwa penseli chini ya kila boksi. Ukifika mwisho wa mwezi, pita na daftari. Chenye siku zaidi ya 90 kiandike ukurasa wake peke yake, idadi na ulichokinunulia. Jumlisha. Nawasihi msiiruke hatua hii ya kujumlisha, hata kama mnajua itauma. Nimeshuhudia wenye maduka wenzangu wanaolalamika hawana mtaji wakakuta robo au theluthi ya mtaji iko kwenye ukurasa ule.

Baada ya hapo toa kile kitu. Kiuze kwa bei uliyonunulia, na kikigoma, chini ya hapo. Najua mnavyosema: "Nitakula hasara." Hasara ilishatokea siku kile kitu kilipododa. Unachofanya sasa ni kuokoa kilichobaki na kukigeuza kuwa bidhaa inayotoka kila wiki. Ila fanyeni kwa akili. Usiweke tangazo la punguzo kwenye duka zima, maana utamfundisha mteja kusubiri punguzo hata kwa vitu ambavyo angenunua kwa bei kamili. Tenga meza moja au kona moja, weka vile vilivyododa tu, vikiisha ondoa meza.

Hapo naingia kwenye bei, ambako naona watu wanajimaliza wenyewe.

Mwenye duka anaona bei ya mtandaoni iko chini, anashusha yake asilimia kumi ili "kushindana". Tupige hesabu. Kitu unanunua 75 unauza 100, faida ghafi ni 25. Ukiuza 100 kwa mwezi umepata 2,500 ya kulipa pango, umeme, msaidizi na wewe mwenyewe. Ukishusha hadi 90, faida inakuwa 15. Ili upate 2,500 ileile unatakiwa uuze 167. Yaani umepunguza bei kwa sehemu moja ya kumi, ukajibebesha kazi ya kuongeza mauzo kwa theluthi mbili, tena kipindi ambacho watu hawana hela. Haitokei. Igeuze sasa: panda hadi 105, faida 30, na hata ukipoteza wateja ukauza 84 tu bado uko palepale ulipokuwa. Sisemi mpandishe bei kiholela. Nasema kushusha bei ndiyo silaha ghali kuliko zote, na mwenye mtaji mkubwa anaweza kuitumia muda mrefu kuliko wewe. Usikubali kupigania hapo.

Kuna bidhaa chache ambazo kila mteja anaikumbuka bei yake. Hizo zishikilie zisipishane sana na za wengine, hata kama faida ni kiduchu, kwa sababu kwa hizo mteja anapima kama wewe ni mwizi au mtu wa haki. Zilizobaki, nyingi mno, hakuna anayezikumbuka bei. Huko ndiko unakopata riziki yako.

Na yule mteja anayeingia na simu mkononi? Mnamjua. Anashika bidhaa, anaigeuza, anatazama simu, anaigeuza tena, kisha anakuonyesha kioo: "Huku ni rahisi." Wengi hapo hununa. Wengine hupunguza bei papo hapo kwa kuona aibu. Mimi nashauri umuulize kwa upole, kama unayemsaidia kweli: "Dada, hiyo bei ni pamoja na usafiri? Inakufikia lini? Isipoingia kwenye ulichonacho nyumbani, unairudishaje?" Kisha nyamaza, mwache ajibu mwenyewe. Mara nyingine majibu yote yanaipendelea simu, na hapo mwambie ukweli aagize huko. Ndiyo, nimesema mwambie. Mtu uliyemwambia ukweli ukipoteza faida ya leo atakuja tena akiwa na shida ambayo simu haiwezi kuijibu, na ataleta na mwenzake. Mara nyingi zaidi, anaihitaji leo, au hana uhakika ni aina ipi inayofaa, na wewe unajua. Hapo umeshauza bila kushusha kitu.

Ujuzi huo ndio mtaji ambao mtandao hauna. Ghala la mtandaoni linaweza kuwa na aina mia tano za kitu kimoja, na mteja anatoka na kichwa kinamuuma. Wewe una aina tatu, na unaweza kumwambia kwa nini hizo tatu. Uchache wako ukiuchagua vizuri unakuwa huduma.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni maduka ya vitabu, na ninaupenda kwa sababu vitabu ndivyo vilivyopigwa kwanza. Amazon ilipoanza kuuza mwaka 1995 iliuza vitabu. Kama kuna duka dogo lilitakiwa kufa ni la vitabu: bidhaa ni ileile neno kwa neno, haiozi, inatumwa kwa posta bila shida. Na kweli mengi yalikufa. Kisha mwaka 2011 Borders, kampuni kubwa ya maduka ya vitabu Marekani, ikafilisika. Lakini takwimu za American Booksellers Association, chama cha wauza vitabu cha Marekani, zinaonyesha maduka huru ya vitabu yaliongezeka kutoka 1,651 mwaka 2009 hadi 2,227 mwaka 2015. Tena 2009 ilikuwa katikati ya mdororo. Ryan Raffaelli wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwachunguza, akakuta kwamba waliopona walishikilia mambo matatu: kuwa sehemu ya jamii inayowazunguka, kuchagua vitabu kwa ajili ya msomaji badala ya kurundika, na kulifanya duka kuwa mahali pa watu kukutana.

Uingereza nako, James Daunt, aliyekuwa na maduka yake machache ya vitabu London, alipewa kuiongoza Waterstones, kampuni kubwa ya maduka ya vitabu, mwaka 2011 ikiwa taabani. Wachapishaji walikuwa wakiilipa Waterstones ili vitabu vyao viwekwe mbele, kwa hiyo kila tawi nchini lilikuwa na meza ileile yenye vitabu vilevile. Daunt akaikataa ile hela. Akawaambia wasimamizi wa matawi: chagueni wenyewe, mnawajua wateja wenu. Vitabu vilivyorudishwa kwa wachapishaji kwa kukosa mnunuzi vikapungua sana, na baada ya miaka kadhaa kampuni ikarudi kwenye faida. Mwaka 2019 akakabidhiwa pia kampuni ya maduka ya vitabu ya Barnes & Noble ya Marekani, akafanya hivyohivyo. Fikirini hilo. Kampuni kubwa imeokolewa kwa kuigiza duka dogo. Halafu sisi wenye maduka madogo tunahangaika kuigiza kubwa.

---

Nimerudi. Nimeona maswali mengi, nitajibu niliyoweza.

Mkuu uliyeuliza kuhusu kukopesha: "Wateja wangu wa siku zote hawana hela, nikiwanyima nawapoteza, nikiwapa napotea mimi." Swali zito. Mwaka 1844 mjini Rochdale, Uingereza, kundi la mafundi, wengi wao wafumaji, walifungua duka lao la ushirika katika kipindi kigumu hasa. Sheria yao mojawapo ilikuwa taslimu tu, hakuna kukopa, wakati maduka mengi yalikuwa yanawafunga watu kwa madeni. Mwanachama badala yake alirudishiwa sehemu ya faida kulingana na alivyonunua. Lile duka likawa mfano wa vyama vya ushirika duniani kote. Kwa hiyo taslimu kwa watu maskini inawezekana, kama na wao wanapata kitu.

Lakini najua si kila mtu ataweza kufunga daftari la madeni kesho asubuhi. Basi liwekee dari. Amua jumla ya hela yote inayoweza kuwa nje kwa wakati mmoja, iwe ni kiasi ambacho isiporudi hata senti duka bado litafunguliwa. Ukifika hapo, anayetaka kukopa anasubiri anayedaiwa alipe. Na mwambie hivyo wazi: "Kaka, nafasi ya mkopo imejaa, fulani akilipa wa kwanza ni wewe," bila kumtaja mtu jina. Watu wanaielewa sheria inayowahusu wote. Kinachowaudhi ni kuona jirani kapewa wao wamenyimwa. Jambo jingine: kopesha bidhaa zinazotoka polepole kabla ya zile zinazotoka haraka. Bidhaa ya haraka ndiyo inayokuletea taslimu, ukiikopesha umejikata mshipa.

Aliyeuliza kama aingie kuuza mtandaoni yeye mwenyewe. Ingia, ila jua unaingia wapi. Kuna njia mbili, na watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ni kuuza kupitia soko la mwenzio. Amazon yenyewe, zaidi ya nusu ya bidhaa zinazouzwa humo ni za wauzaji wengine wanaolitumia soko lake, wengi wao wadogo. Wateja wapo. Lakini unalipa kamisheni katika kila mauzo, mteja ni wake si wako, na yeye anaona kila unachouza na kwa kasi gani. Tume ya Ulaya ilichunguza hasa suala hilo, kwamba Amazon ilikuwa ikitumia taarifa za wauzaji kujinufaisha kwenye biashara yake yenyewe, na Desemba 2022 Amazon ikajifunga kwa ahadi kwamba haitafanya hivyo. Kwa hiyo ukiuza huko, rudi kwenye hesabu ile ya 75 na 100, toa kamisheni, toa vifungashio, toa usafiri, toa vinavyorudishwa, uone kama kuna kilichobaki. Nguo na viatu hasa hurudishwa sana, kwa sababu mtu hakujaribu. Nadhani soko la namna hiyo linafaa zaidi kwa kitu ambacho wewe tu unacho, au kwa kumaliza vilivyododa ambavyo mtaa wako hauvitaki lakini mtu wa mbali anavitafuta.

Njia ya pili ni kuutumia mtandao ili watu wa karibu wajue una nini. Hii ndiyo naisisitiza. Hakikisha duka linaonekana kwenye ramani ya simu, saa za kufungua ni za kweli, namba inapokelewa. Hasa saa. Mtu aliyekuja akakuta umefunga wakati ramani inasema uko wazi, harudi. Tuma picha za mzigo mpya kwa wateja waliokubali kutumiwa, picha chache tena zenye bei. Mruhusu mtu kuuliza kwa ujumbe kama kitu kipo, umwekee pembeni, apitie akitoka kazini. Hakuna gharama hapo zaidi ya adabu ya kujibu haraka.

Na usikimbilie kupeleka mzigo majumbani bure kwa sababu wakubwa wanafanya. Kipande cha mwisho cha safari, kutoka ghalani hadi mlangoni, ndicho ghali kuliko vyote. Webvan ya Marekani ilichoma mamia ya mamilioni ya dola kujenga maghala na kupeleka bidhaa za nyumbani, Julai 2001 ikafilisika. Wewe umeshawekwa pale karibu na mlango wa mteja. Ukaribu huo unaulipia kwenye pango kila mwezi. Mfanye mteja aje, au mtoze usafiri wa haki.

"Wauzaji wa jumla wananipa bei mbaya kwa sababu nachukua kidogo, na wewe unaniambia nichukue kidogo zaidi." Mkuu, umenishika pazuri. Kuagiza kidogo mara nyingi na kupata bei ya mzigo mkubwa vinapingana, isipokuwa mkiungana. Mwaka 1926 Marekani, kampuni ya A&P ilikuwa imejaa miji mingi, na kufikia 1930 ilikuwa na maduka zaidi ya 15,000. Mhasibu mmoja, J. Frank Grimes, akawakusanya wenye maduka huru chini ya jina moja, IGA, wakinunua kwa pamoja na kutangaza kwa pamoja, kila mmoja akibaki na duka lake. Wakapita kwenye ule mdororo mkuu wa miaka ya 1930, na IGA ipo hadi leo. Ujerumani, EDEKA ilianza hivyohivyo, wenye maduka wadogo wakiungana kununua. Leo ndiyo kundi kubwa kuliko yote la maduka ya mahitaji ya nyumbani nchini humo, na bado liko chini ya vyama vya ushirika vya wenye maduka wenyewe.

Msianze na chama, katiba na mwenyekiti. Vikundi vingi vinafia kwenye vikao. Anzeni watu watatu, bidhaa moja, ambayo wote mnaiuza kila wiki na haiharibiki. Kila mtu atoe taslimu kabla ya oda. Mmoja aende, risiti ionekane na wote, mzigo ugawanywe siku hiyohiyo. Bidhaa moja ikienda vizuri mara kadhaa, ongezeni ya pili. Ikitokea mmoja anasema "nichukulieni nitawapa kesho", hapo ndipo kikundi kinapoanza kufa, kwa hiyo mkataeni tangu siku ya kwanza, hata akiwa rafiki.

Kuhusu matangazo ya kulipia sina mengi. Duka likiwa halina kinachotakiwa, tangazo linaleta watu kushuhudia hilo.

Kuhusu serikali: Marekani walitunga sheria mwaka 1936 ya kuzuia wasambazaji kuwapendelea wanunuzi wakubwa kwa bei, na Ufaransa tangu 1981 kitabu hakiruhusiwi kupunguzwa bei zaidi ya asilimia tano, awe muuzaji mkubwa au mdogo. Naziunga mkono sheria za namna hiyo kwa moyo wote, na vyama vya wafanyabiashara vizipiganie. Ila pango linadaiwa mwezi huu.

Swali la mwisho limenigusa: "Nitajuaje kuwa duka langu limeshashindwa, au ni upepo tu?" Usipime kwa idadi ya wateja, na usipime kwa mauzo ya siku. Kwanza jilipe mshahara, hata mdogo, uandike kama gharama. Duka ambalo mwenyewe anachota tu droo akihitaji halipimiki, na ndiko watu wanakokula mtaji bila kujua. Kisha kila mwisho wa mwezi angalia jambo moja: baada ya pango, umeme, msaidizi na mshahara wako, je, umeweza kurudishia rafuni kila ulichouza kinachotoka? Ukiweza, hata kama hubaki na cha ziada, duka liko hai na linasubiri uchumi ukae sawa. Ukishindwa mwezi mmoja, inatokea. Ukishindwa miezi mitatu mfululizo, na ukurasa wa vilivyododa umeshauuza wote, basi duka linajila.

Ukifika hapo usijifiche. Nenda kwa mwenye nyumba kabla hujadaiwa, siyo baada, ukiwa na daftari mkononi. Omba fremu ndogo zaidi, au pango lipungue kwa miezi kadhaa ukilifidia baadaye, au ugawane nafasi na mwenzio mwenye biashara isiyogongana na yako. Wakati wa mdororo mwenye nyumba naye anaogopa fremu tupu, na mpangaji anayekuja na hesabu zake ni adimu kwake. Kisha nenda kwa wasambazaji, mmoja mmoja, uwaambie utalipa kiasi gani na lini, kiasi ambacho una hakika nacho. Akikataa mwenye nyumba, wakakataa na wasambazaji, funga ukiwa bado na mtaji wa kuanzia kitu kingine.

Wenye maduka mliopita kwenye hali hii mkatoka, andikeni hapa chini mlimwambia nini mwenye nyumba. Wengi wanaosoma uzi huu wanahitaji kulijua hilo.